Masanduku Yaliyozimisha Kompyuta

Nilisoma hadi darasa la tatu, nikaacha. Sikufukuzwa, wala akili sikukosa. Nilichoka kukaa chini kwenye vumbi nikimtazama mwalimu aliyekalia kiti kibovu. Kiti kilikuwa kinayumba, na mimi badala ya kutazama ubao nilikuwa naukodolea macho ule mguu wake wa nyuma. Siku moja nikawahi asubuhi, nikautia kabari ya kijiti. Mwalimu akakaa, kiti hakikuyumba, akanichapa viboko vinne kwa kugusa mali ya serikali. Nikaona elimu yangu imekamilika.

Nilitoka Kigwa nikaja mjini Tabora kwa miguu, nikiifuata reli nisije nikapotea. Nikapokelewa na mzee mmoja wa mjini, Mwislamu wa ukoo wa siku nyingi, mchonga milango. Yule mzee alikuwa na sheria moja tu: mbao zishikane zenyewe. Ulimi uingie kwenye tundu lake, gundi kidogo, basi. Msumari kwake ulikuwa aibu. Ukimwonyesha kabati lililopigwa misumari anakuuliza, "Hili liliugua nini, mbona limechomwa sindano zote hizi?" Nilikaa kwake miaka tisa. Naye alikuwa akisema fundi ni yule ambaye kazi yake haimrudii.

Na haikunirudia. Nina karakana yangu Mtendeni, mwaka wa arobaini na kitu sasa. Kuna vitanda vyangu ambavyo watu wamezaliwa juu yavyo na kufia juu yavyo. Kuna kanisa linakalia mabenchi yangu, waumini wanalala humo kila Jumapili na benchi halijalia hata siku moja. Hakuna mtu aliyewahi kuja mlangoni kwangu na kitu mkononi akisema, fundi, hiki rudia. Mtasema najivuna. Ndiyo, najivuna. Nikingoja nisifiwe na watu wa mji huu nitasifiwa kwenye matanga.

Sasa, mwaka juzi, jua la kiangazi linaanza kuuma, akaja mkuu wa chuo kimoja cha hapa mjini. Ni mama wa umri wa binti yangu wa pili, ana miwani na mwendo wa haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kitanda au kabati?"

"Kompyuta."

"Hizo sitengenezi."

Akacheka, akakaa, akanieleza. Chuo kilikuwa na kompyuta ishirini zilizopangwa juu ya meza za zamani. Panya walikuwa wanatafuna nyaya, vumbi lilikuwa linaingia kila tundu, na vifaa vingine vilikuwa vinaota miguu vyenyewe na kutembea hadi sokoni. Alitaka meza mpya ishirini, na chini ya kila meza sanduku la mbao la kufungia lile kasha la bati ambamo akili ya kompyuta inakaa. Juu ya meza vibaki kioo na kibodi tu.

"Siku hizi kila kitu chuoni kinapita humo, mzee. Mwanafunzi anajisajili humo, anasoma humo, na muhula huu hata mtihani watafanyia humo humo. Kompyuta ikifa katikati, mtoto wa watu amefeli."

"Kwa hiyo unataka sanduku lisilofunguka."

"Linalofunguka kwa ufunguo."

"Hapo umefika kwa mwenyewe."

Nilikwenda naye chuoni kuchukua mchoro. Aliyeuchora ni fundi wa kompyuta wa pale, mwanaume wa makamo mwenye kitambi, Mgogo. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu wakipita nchi yao na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Kwa hiyo yeye ana ruhusa ya kunitukana, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Ruhusa yake alianza kuitumia nikiwa bado mlangoni.

"Mkuu, huyu mpagazi umempa kazi au umemtwisha mzigo?"

"Wewe Mgogo," nikamwambia, "babu zako walikuwa wanakaa kando ya njia wakiwauzia wasafiri maji ya kisima. Leo umeajiriwa kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Hamjabadilika."

"Tuliwauzia kwa sababu mlikuwa na kiu. Mngekaa kwenu."

Akanipa mchoro. Haukuchorwa kwa mkono. Aliuchora kwenye kompyuta, mashine ikautema, mistari imenyooka hadi inaudhi. Vipimo vilikuwa sawa, sina neno. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nayo niliyaacha yalipo. Lakini kwenye mbavu mbili za kila sanduku alikuwa ameweka vitone, safu chini ya safu, arobaini kila ubavu, vidogo kama punje za ulezi. Nikavitazama, nikacheka kimoyomoyo. Misumari! Arobaini ubavu mmoja! Nikasema ndivyo walivyo watu wa mashine, hawaamini kwamba mbao zinaweza kushikana kwa heshima tu.

"Mchoro umeuelewa, mtani?"

"Nimeuelewa kabla hujauchora."

"Huna swali?"

"Ninalo. Nani alikufundisha useremala?"

"Hakuna."

"Inaonekana."

Nikaukunja, nikautia mfukoni, nikaondoka nikiwa nimeshinda.

Yale masanduku niliyatengeneza kwa mninga uliokauka miaka miwili. Sikutia msumari hata mmoja. Nyuma niliacha tundu moja la kupitishia nyaya, nalo nikalizungushia mpira wa tairi ili panya asipate hata pa kuingiza sharubu. La kwanza lilipokamilika nikalijaribu. Nikawasha kurunzi, nikaiweka ndani, nikafunga mlango, nikaziba madirisha ya karakana kwa magunia, nikalizunguka nikichungulia. Hapakuwa na uzi wa mwanga uliotoka. Nikakaa juu yake nikanywa chai. Nilikuwa na furaha ambayo watu huipata harusini.

Siku ya kuyapeleka, mtani wangu hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwao kumzika mjomba wake, na Wagogo wakienda msibani hawarudi mpaka wamemaliza ng'ombe. Mkuu wa chuo alipitisha kiganja juu ya meza, akafungua sanduku, akafunga, akafungua tena ili asikie ule mlango unavyoingia mahali pake.

"Mzee, hii ni kazi."

"Najua," nikasema.

Walimu wakaziingiza kompyuta wenyewe, wakafunga makufuli, tukaagana.

Wiki ya pili nilikuwa napiga randa mlango wa mtu. Karibu na karakana yangu kuna mama anauza chai na maandazi, na wanafunzi wa kile chuo hupita hapo. Wawili walikuwa wamekaa wamenipa mgongo.

"Mimi nilifika ukurasa wa sita, ikazima. Pu!"

"Yangu imezima mara tatu leo. Yale masanduku ya yule mzee ni majeneza."

"Ila majeneza ya mninga, bwana! Kompyuta inazikwa kwa heshima."

Wakacheka, wakagongeana viganja. Halafu yule wa kwanza akasema, "Mkuu ametangaza. Mtihani ni Jumatatu, kwa hiyo kesho yanang'olewa yote, yanarudishwa kwake. Sisi tunarudi kwenye meza za zamani."

Randa ilinitoka mkononi. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Ishirini! Si moja, ambalo ningeweza kusema mteja ana gubu. Masanduku ishirini yapakiwe kwenye mkokoteni, yapite barabara kuu mchana, watu wanatazama, yashushwe mlangoni kwangu. Sikuvua hata aproni. Nilikwenda chuoni na penseli sikioni.

Nikakuta kila mtu ana lake. Walimu walisema umeme ni mdogo. Mlinzi alisema chumba kimejengwa juu ya kaburi la mpagazi wa zamani, na mpagazi hapendi kelele. Walikuwa wamemwita hata mchungaji. Aliiombea kompyuta moja, ikawaka kipindi chote cha maombi, na alipotamka amina ikazima.

Ndani nikamkuta mtani wangu. Amerudi asubuhi ile, amekaa sakafuni mbele ya sanduku lililofunguliwa, jasho linamtoka.

"Karibu, muuaji."

"Nimeua nani?"

"Tia mkono humu."

Nikautia. Mlikuwa na joto kama kwapa la mtoto mwenye malaria. Nikautoa.

"Hizi kompyuta zinapumua, mtani," akasema. "Zina feni ndani, zinavuta hewa na kuitoa. Zikikosa hewa zinachemka, na zikichemka zinajizima zisiungue. Wewe ningekufungia humu, na jua hili la Oktoba, ungefika ukurasa wa sita?"

"Nisingefika."

"Sasa matundu yangu yako wapi?"

"Matundu gani?"

Akatoa nakala ya mchoro, akaweka kidole kwenye vile vitone. "Haya ni nini?"

"Misumari."

"Nini?"

"Misumari. Arobaini kila ubavu. Sikuitia, mimi sipigi misumari."

Mgogo alinitazama. Kisha akajilaza taratibu chali sakafuni, kama mtu anayetaka kufa vizuri, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambi kikawa kinapiga meza yangu kwa chini. Mkuu wa chuo alikuja akikimbia akidhani kuna aliyepigwa na umeme.

"Mkuu, njoo umwone Mnyamwezi! Ameona matundu ya hewa, akasema hii ni misumari, akaikataa kwa sababu ya heshima!"

"Ungeandika kwamba ni matundu," nikasema.

"Niliandika! Hapa, kwa herufi kubwa!"

"Kwa Kiingereza!"

"Si ungeuliza!"

Hapo alinipata. Maandishi niliyaona. Niliyapita kama ninavyoyapita mengine yote, miaka yote hii, nikiamini ubao utaniambia kilichobaki. Na kuuliza sikuuliza, kwa sababu anayeuliza ni yule asiyejua, na mimi nilikuwa nimekwenda pale kama mwenye kujua.

Mkuu wa chuo hakucheka. Alivua miwani akaifuta. "Mzee, pole. Lakini kesho yanatoka. Siwezi kuwaweka wanafunzi wangu roho juu."

"Mwanangu, hayatoki."

"Mzee..."

"Nipe mpaka Jumamosi jioni. Nitayatoboa yote, kila kitone mahali pake. Ukinirudishia masanduku haya nitayaweka wapi? Afadhali unizike ndani ya mojawapo."

"Hutoshi," akasema mtani kutoka sakafuni. Halafu akainuka, akajipangusa, na nakiri kwamba pale alisema neno la kiume. "Mkuu, mpe siku mbili. Mbao zake hazina kosa, kosa ni shingo yake. Nitamsimamia mwenyewe. Ila atalipa faini ya utani."

"Mbuzi?" nikauliza.

"Mbuzi wako wamekonda. Matundu yakiisha, kila kompyuta lazima iwake muda wa saa mbili mfululizo na mtu akiifanyia kazi, tuone kama itazima. Kumi na tisa zitaendeshwa na wanafunzi. Ya ishirini utaiendesha wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ukae, uandike."

Ningekubali mbuzi watatu.

Nyumbani mke wangu aliona sura yangu, akauliza, nikamweleza. Yeye ni wa kijijini Choma, kwao wamekua na ng'ombe na kuku, na hana adabu ya kungoja umalize.

"Yaani kitu kinachopumua umekifungia kwenye ubao?"

"Sikujua kinapumua."

"Mimi kuku wangu nikimfunika, namfunika kwa tenga. Simfuniki kwa sufuria."

"Kompyuta si kuku, mama."

"Ndiyo. Kuku angepiga kelele, ungejua."

Ijumaa alfajiri nilikuwa chuoni na mashine yangu ya kutobolea. Kila sanduku mbavu mbili, kila ubavu matundu arobaini, na masanduku ishirini. Piga hesabu mwenyewe, mimi ile hesabu niliilipa kwa mabega. Mninga mkavu hautaki mzaha. Unatoa moshi, unalia, na ukiwa na haraka unachanika. Tundu la kwanza nililitoboa kama ninayejitoboa tumbo. Sanduku ambalo mwanga haukupenya! Nilipolitazama baadaye limejaa matundu, niliona aibu kama nimemvua mtu nguo. Lakini kufika sanduku la tano mkono ulizoea, na nilipanga safu zikanyooka kuliko za ile mashine yake. Mtani wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake kinachozunguka, anakula maembe na kuhesabu kwa sauti. Kila nikifika thelathini na tisa anasema, "Msumari mmoja umebaki, mtani."

Jumamosi mchana nilimaliza. Wanafunzi wakarudisha kompyuta ndani, wakakaa. Na mimi nikakalishwa kwenye meza ya ishirini, pembeni ya binti mmoja mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepewa kazi ya kunisaidia. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye meza yangu mwenyewe kwa kazi iliyotengenezewa. Urefu wake ulikuwa mzuri.

"Shikamoo, babu. Andika chochote."

Nikaitazama kibodi. "Nani alizipanga herufi hizi? Sisi tulianza na a."

"Ndivyo zilivyo, babu. A iko kushoto."

Nikaibonyeza. Kioo kikajaa a tangu ukingo hadi ukingo, kama yowe la mtu aliyetumbukia kisimani.

"Babu, gusa uachie! Hiyo siyo patasi!"

Nikajifunza kugusa na kuachia. Nilitumia kidole kimoja, cha shahada, na kila herufi niliitafuta kama ninayetafuta skrubu kwenye vumbi la mbao. Nikiipata m, i imehama. Chumba kizima wanafunzi walikuwa wanatwanga ta-ta-ta-ta kama mvua juu ya bati, na mimi tone, kimya, tone. Kila baada ya muda nilikuwa nainama kutia kiganja ubavuni mwa sanduku. Hewa ya vuguvugu ilikuwa inatoka kwenye yale matundu, inanipuliza vidoleni.

"Babu, andika, usiikague kila saa."

"Wewe andika yako. Mimi nina mgonjwa."

Saa mbili zilipotimia, kompyuta zote ishirini zilikuwa zinawaka. Mimi nilikuwa nimeandika hivi: mimi ni fundi masanduku haya nimeyatoboa mwenyewe mgogo amekula maembe tu. Mtani akaja, akajikuna kidevu, akasoma.

"Hujaweka hata nukta moja."

"Nukta zangu zote ziko ubavuni. Kahesabu."

Watu wakacheka, na safari hii walicheka upande wangu. Lakini mkuu wa chuo alisimama mlangoni amekunja mikono. "Tumeona Jumamosi," akasema. "Tutaona Jumatatu. Ikizima hata moja, mzee, jioni hiyo hiyo unakuja na mkokoteni."

Jumatatu sikufungua karakana. Nilikwenda nikasimama nje ya dirisha la kile chumba, mahali ambapo msimamizi wa mtihani hanioni. Mtihani ulianza saa tatu. Jua lilikuwa kali, bati linatatarika. Nikawa nahesabu vioo: ishirini. Robo saa: ishirini. Nusu saa: ishirini. Kuna mwanafunzi mmoja alikuwa anajipangusa jasho, nikamlaani, maana niliona kama anaipa kompyuta mfano mbaya.

Ilikuwa imebaki kidogo saa nne itimie, vioo vikazima. Vyote. Kwa pamoja. Vikabaki vyeusi, na wanafunzi wakatoa mguno mmoja kama ng'ombe waliofungiwa zizi. Niliuona mkokoteni kabisa, niliona na watu wa barabara kuu, niliona hata mzee aliyenifundisha anageuka kaburini kulala upande mwingine.

Ndipo nikasikia. Ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kusaga, inaunguruma kutwa. Ile sauti ilikuwa inashuka, inashuka, inakufa. Na redio ya kinyozi imekatika katikati ya wimbo. Na mtu anapiga mluzi wa hasira, na mwingine anaitikia mtaa wa pili.

Sijui nilitokaje pale nilipojificha. Nilishika nondo kwa mikono miwili.

"Umeme!" nikapiga kelele. "Umekatika! Mji mzima! Ni umeme, siyo masanduku! Asante Mungu, hatuna umeme!"

Msimamizi alitoka mbio. "Mzee! Mzee, humu kuna mtihani!"

"Najua, mwanangu! Hakuna umeme!" Nikamkumbatia.

Kwa nyuma nilimwona mtani wangu anakimbilia jenereta, kitambi kinamtangulia, anapiga kelele, "Ondoeni mpagazi huyo dirishani!" Jenereta ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Kioo kimoja kikawaka, kikafuata kingine. Wanafunzi walikuta majibu yao pale pale walipoyaacha, maana yule Mgogo alikuwa amezifundisha kompyuta kujiwekea akiba kila dakika, na kwa hilo nampa heshima yake hapa kwenye karatasi, kumpa mdomoni siwezi. Nikahesabu. Ishirini.

Mtihani ulikwisha saa tano, hakuna kioo kilichozima tena. Mkuu wa chuo akatoka, akanikuta nimekaa kwenye ngazi.

"Mzee, nenda nyumbani ukapumzike."

"Yamebaki?"

"Yamebaki. Lakini mtihani ujao nikikuona tena kwenye dirisha langu, nayang'oa mwenyewe kwa mikono yangu."

"Hutayaweza," nikamwambia. "Hayana misumari."

Akaingia ndani, na mimi nikaenda kufungua karakana.